Kabla ya Uso, Pigeni Picha ya Sufuria

Tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa, Ifo mwaka 1991, kisha Dagahaley na Hagadera mwaka 1992, picha zilizopigwa huko na kusambazwa duniani hazina idadi. Nyingi mno kati yazo ni za aina moja: mtoto mwenye macho makubwa, mama aliyejitanda shela akitazama mbali, msururu wa watu mchangani wakisubiri mgao. Mpiga picha hushuka kutoka kwenye ndege au gari la shirika, hufanya kazi yake kwa saa chache, kisha huyo, amekwenda zake. Uso alioubeba hubaki ukizunguka katika magazeti ya Nairobi, London na New York bila jina, bila mwaka, na mara nyingi bila ridhaa ya mwenyewe.

Rai ninayowatolea walimu wenzangu leo ni nyepesi kuitamka, ingawa huenda ikaonekana ngeni. Tuwafundishe vijana wa Dagahaley, na wa Garissa nzima, kupiga picha za vyombo vya mviringo vya nyumbani: sufuria, sinia, birika, kikombe, chetezo, hata mawe ya mafiga. Wazipige kwa rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Kisha tuwadai waandike chini ya kila picha jina la chombo, mahali na mwaka. Najua msomaji atauliza mhadhiri wa isimu ana kazi gani na kamera, na sufuria ina kitu gani cha kutazamwa. Naomba subira yako.

Nianze na uso, kwa kuwa ndio unaotuzuia kuona mengine. Katika Kaskazini Mashariki picha ya uso haijawahi kuwa jambo la mzaha. Mwaka 1989 serikali ya wakati huo iliwachuja Wakenya wa asili ya Kisomali na kuwapa waliopita mchujo kadi ya rangi ya waridi ya kuthibitisha kwamba wao ni raia. Wakenya wengine hawakudaiwa kadi ya namna hiyo. Kambi zilipofunguliwa, mkimbizi naye aliandikishwa, akapigwa picha, na baadaye akachukuliwa alama za vidole. Wenyeji maskini wa vijiji vya jirani, ukame ulipowabana, wakajiandikisha humo ili wapate chakula. Walipofika umri wa kuomba kitambulisho cha taifa, maelfu yao wakaambiwa kwamba wamo katika daftari la wakimbizi, kwa hiyo si Wakenya. Kwa watu waliopitia hayo, kamera inayolenga uso ni binamu wa karani wa mchujo. Usishangae basi mzee wa Dagahaley akigeuka unapoinua simu yako.

Sisemi kwamba nyuso zisipigwe. Fazal Sheikh, mpiga picha aliyezaliwa New York mwaka 1965 na ambaye baba yake alitoka Kenya, alianza kwenda katika kambi za mpakani mwaka 1992. Alitumia picha nyeusi na nyeupe, akafanya kazi polepole, watu wakiwa wamesimama au wameketi na kuikabili lenzi kwa utulivu. Kitabu chake A Sense of Common Ground kilitoka mwaka 1996. Mwaka 2000 alirejea Dadaab, na mwaka uliofuata akatoa A Camel for the Son, kitabu kuhusu wanawake wa Kisomali waliokuwa ukimbizini huko. Mojawapo ya picha zake zinazojulikana sana ni ya kiongozi wa wanawake wa kambi ya Dagahaley. Chini yake pameandikwa jina la mama huyo kwa ukamilifu, wadhifa wake, mahali na mwaka. Maneno hayo machache ndiyo yanayomtenga Sheikh na wale wa kushuka na kupaa. Mtazamaji hawezi kumwita mama yule "mkimbizi mmoja". Analazimika kumwita kwa jina lake.

Lakini Sheikh ni bingwa aliyejipa miaka ya kufanya kazi hiyo. Mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye simu ya kuazima hana muda huo, wala hana mamlaka ya kumwomba jirani ridhaa ambayo huenda ikamletea jirani huyo matatizo. Sufuria ya mama yake, hata hivyo, anaweza kuiomba. Na asidhani kwamba ameshushiwa hadhi kwa kupewa sufuria badala ya uso. Mwaka 2012 mpiga picha Mmarekani Brian Sokol, akishirikiana na UNHCR, aliwauliza wakimbizi waliotoka jimbo la Blue Nile nchini Sudan, wakiwa kambini Jamam, Sudan Kusini, ni kitu gani walichobeba kilichokuwa na maana kuu kwao. Mama mmoja alishika sufuria. Alikuwa ameichagua kwa sababu ilikuwa ndogo kiasi cha kubebeka njiani, na kubwa kiasi cha kumpikia yeye na binti zake watatu. Tafakari hesabu hiyo iliyopigwa wakati wa kukimbia. Hakuna uso uliojaa machozi unaoweza kutueleza akili ya mama huyo kama kile kipenyo cha sufuria yake kinavyotueleza.

Wala utamaduni huu wa kutazama vyombo si wa kambini tu. Mwaka 1916 kijana wa miaka 25, Paul Strand, akiwa mapumzikoni Connecticut nchini Marekani, alichukua mabakuli ya kawaida ya jikoni, akayasogelea kwa kamera hadi yakajaza picha nzima, yakageuka kuwa matao ya nuru na kivuli. Picha ile ya mabakuli huhesabiwa hadi leo miongoni mwa zilizobadilisha sanaa ya upigaji picha. Hakusafiri kwenda mbali kuitafuta. Nimetaja habari hii kwa ajili ya mwanafunzi anayeamini kwamba picha nzuri ni ya mlima, simba au rais.

Kwa nini mviringo? Kitu chenye pembe, kama sanduku au debe, hujieleza kwa mistari. Upande mmoja una nuru, wa pili una kivuli, na ukingo unatenga mmoja na mwingine. Chombo cha mviringo hakikupi msaada huo. Nuru ikikipiga kutoka ubavuni, hung'aa mahali pamoja, kisha weupe hufifia kidogo kidogo kuwa kijivu hafifu, kijivu cha wastani, kijivu kizito, hadi weusi. Tena ukitazama kwa makini utaona kwamba mwishoni kabisa, kule gizani, weusi unapungua tena, kwa sababu mchanga ulio chini unarudisha nuru juu. Mwanafunzi aliyezoea kuona "sufuria" na kupita hujikuta akiona vivuli vitano au sita juu ya kitu alichokiosha asubuhi. Mdomo wa sufuria nao, ukiutazama kutoka juu, ni duara. Ukishuka, huwa duaradufu. Ukishuka zaidi, duaradufu hiyo hubanana hadi iwe kama mstari. Mwalimu wa hisabati anaweza kuliazima somo hili bila kulipa chochote.

Rangi huyaficha haya yote. Kikombe chekundu cha plastiki kikiwekwa juu ya mkeka wa kijani, jicho hurukia wekundu na kusahau umbo. Ukiondoa rangi, wekundu na ukijani huweza kuwa kijivu kimoja, kikombe kikazama ndani ya mkeka kama kwamba hakikuwapo! Hapo mwanafunzi hulazimika kufikiri: akisogeze kikombe, abadili mkeka, au ageuze upande wa nuru. Ndiyo sababu nashauri simu iwekwe katika hali ya nyeusi na nyeupe kabla ya kupiga, si baadaye. Anayeondoa rangi baadaye anarekebisha picha tu, ilhali anayeiondoa mapema anajifunza kutazama.

Mahali penyewe panafaa ajabu. Dagahaley iko karibu mno na ikweta, na saa sita mchana jua huwa juu ya utosi sehemu kubwa ya mwaka, likichapa vyombo kutoka juu na kuvibana kivuli chao chini ya matako. Wakati huo mwanafunzi na apumzike. Arudi saa moja asubuhi, au saa kumi na moja jioni, nuru inapolala juu ya mchanga na kila kikombe kinapojichorea kivuli kirefu kuliko chenyewe. Akishindwa na saa, aingie ndani ya kibanda cha matawi ya miti na matambara, kile ambacho mwenyewe ni kitu cha mviringo kilichopinduliwa kama bakuli. Mlango ni mmoja, nuru inaingia kutoka upande mmoja. Wapiga picha wa mijini hulipa fedha nyingi kujenga chumba cha namna hiyo. Na ukuta wa kibanda ukiwa na tundu dogo, mwalimu awaonyeshe wanafunzi jinsi nuru inavyopita pale na kuchora upande wa pili taswira ya nje iliyosimama kichwa chini. Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa Basra aliyefanyia kazi Kairo katika karne ya 11, aliichunguza tabia hiyo ya nuru kabla ya kamera kuundwa. Neno kamera lenyewe asili yake ni chumba.

Sasa tuigeuze sufuria. Ndani inang'aa, kwa sababu wanawake wa Dagahaley, kama wa kila mahali, husugua ndani kwa mchanga na jivu. Nje, chini, ni nyeusi tititi. Katika picha ya rangi masizi hayo huonekana kama uchafu. Katika picha nyeusi na nyeupe ndiyo kitu cha kwanza unachokiona, na unaanza kujiuliza yametoka wapi. Yametoka kwenye kuni. Kuni nazo zilitoka porini, nje ya ua wa miiba, mahali wanawake walipolazimika kwenda wenyewe. Mwaka 1993 shirika la Africa Watch, tawi la Human Rights Watch, lilitoa ripoti kuhusu ubakaji wa wanawake wakimbizi wa Kisomali katika Kaskazini Mashariki. Wengi walivamiwa na majambazi walipokuwa wakitafuta kuni au wakichunga mbuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 UNHCR ilianza kugawa kuni kambini ili safari hizo zipungue. Waandishi wengi waliokwenda kuandika juu ya jambo hilo walitaka uso wa mwathiriwa, wakaambiwa la, au wakaupata kwa hila. Hakuna aliyehitaji kuaibishwa ili sisi tuelewe. Weusi ulio chini ya sufuria ungetosha kutufikisha porini kule, na mama mwenye sufuria angebaki na heshima yake.

Nimesema mimi ni mtu wa lugha, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vilivyo vyake tangu asili na vinavyochukua upatanisho: -eusi, -eupe, -ekundu. Rangi nyingine zote tumeziazima kutoka kwenye vitu. Kijani ni cha majani, manjano ni ya bizari, samawati ni ya mbingu. Wataalamu Brent Berlin na Paul Kay, katika utafiti wao wa mwaka 1969 uliolinganisha lugha nyingi, walidai kwamba lugha ikiwa na majina mawili tu ya rangi, hutenga weusi na weupe. Ikiwa na la tatu, huwa ni jekundu. Kwa hiyo mwanafunzi anayepiga picha nyeusi na nyeupe hajafuata mtindo wa Wazungu, anarudi kwenye mgawanyo wa kwanza wa lugha yake ya shule. Na kilicho katikati ya nyeusi na nyeupe tunakiitaje? Kijivu. Ni rangi ya jivu, iliyotoka mafigani, pale pale inapokaa sufuria tunayoizungumzia.

Majina ya vyombo nayo yana historia ambayo picha huifufua. Sufuria ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, likiwa na maana ya chombo cha shaba. Leo karibu kila sufuria ni ya alumini na hakuna anayekumbuka shaba. Sinia, kwa asili, ni kitu "cha Kichina". Mtungi ndio kioja zaidi. Kwa wazee wa pwani mtungi ni chombo cha udongo, chenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba. Nchini Kenya leo ukimtuma mtoto alete mtungi atakuletea chombo cha plastiki cha lita 20, chenye pande na pembe, cha manjano kwa kawaida. Jina limehama kutoka kwenye duara kwenda kwenye mraba bila mtu kutangaza msiba. Mwambie mwanafunzi apige picha ya mitungi yote miwili kandokando, ikiwa atauona ule wa udongo, kisha aandike "mtungi" chini ya kila mmoja. Amekwisha kuandika somo la semantiki.

Walimu wa sarufi wataniuliza kuhusu ngeli. Ni kweli kwamba katika lugha za Kibantu ngeli ya LI-YA ina mazoea ya kukusanya matunda na vitu vingi vya mviringo: jiwe, yai, jicho, boga, buyu, tone, tufe, figa, na kwamba ngeli ya U-ZI hupenda vitu virefu vyembamba: uzi, ufito, ufagio, wembe. Chungu kikikuzwa huitwa jungu, nalo hukimbilia LI-YA mara moja, na ndilo lile lisilokosa ukoko. Lakini mwalimu asiigeuze tabia hii kuwa sheria. Ungo ni duara kamili na umejikalia zake katika U-ZI. Sahani, sinia na sufuria, kwa kuwa ni wageni, wamepangiwa I-ZI. Lugha si bohari iliyopangwa na karani mmoja kwa siku moja. Hata hivyo, mtoto wa Kisomali anayekariri ngeli kama dua asiyoielewa atafaidika akiona kwamba nyuma ya "la" na "ya" kuna mikono iliyowahi kushika mawe, mayai na mabuyu.

Na tusisahau kwamba mtoto huyu ana lugha yake. Shule za Dagahaley hufuata mtaala wa Kenya, na Kiswahili ni somo la lazima kwa watoto ambao wengi wao hawakisikii nyumbani. Vyombo vinaweza kuwa daraja. Sahani yetu na saxan ya Kisomali ni ndugu, zote zimetoka Kiarabu. Birika yetu na ibriiq yao vivyo hivyo. Chetezo chao huitwa dabqaad, neno lililoundwa kwa "moto" na "kubeba". Bora zaidi huchongwa kwa jiwe jeupe la Ceelbuur, katikati ya Somalia. Jiwe jeupe, makaa meusi na moshi wa kijivu: sijui ni chombo gani kingine kilichoumbwa kwa ajili ya picha ya namna hii kuliko hicho. Hata jina Dagahaley, ambalo Wasomali huliandika Dhagaxley, limetokana na dhagax, yaani jiwe. Ni mahali penye mawe. Mwanafunzi atakayepiga picha ya mafiga matatu ya mama yake atakuwa amepiga picha ya jina la kwao.

Mahali pengine daraja hukatika, na ni vizuri likatike waziwazi. Wafugaji wa Kisomali wana chombo cha maziwa kiitwacho dhiil. Husukwa kwa nyuzi za mizizi hadi kisivuje hata tone, na husafishwa kwa kufukizwa kijinga cha moto, ndipo maziwa yakapata ladha ya moshi. Kiswahili hakina neno lake. Vitabu vyetu vya shule vingekiita kibuyu, lakini kibuyu ni mmea uliokaushwa, na huu ni ususi wa mwanamke uliochukua siku nyingi. Ukisema "chombo cha maziwa" hujasema kitu. Ukiliandika neno lenyewe kwa tahajia yetu litakuwa "dhili", na hapo utakuwa umekitukana kwa kukiita unyonge! Maoni yangu ni kwamba liachwe lilivyo, dhiil, na maelezo yafuate. Maelezo hayo atayaandika nani kama si kijana ambaye bibi yake alikisuka, wakati bibi angali hai na mtungi wa plastiki haujakifukuza kabisa?

Hili linanifikisha kwenye insha. Kila mwalimu aliyesahihisha insha za Kiswahili nchini humu anawajua majogoo wanaowika katika sentensi ya kwanza, jua linalochomoza kwa madaha, na mtu anayekimbia kama swara aliyeona simba. Wanafunzi wetu wanakariri mapambo, kisha wanatafuta kisa cha kuyavalisha. Mwanafunzi wa Dagahaley ambaye hajawahi kuamka penye mashamba ya chai hukuandikia umande juu ya majani mabichi, kwa sababu ndivyo kitabu kilivyosema. Mpe picha aliyoipiga mwenyewe ya sufuria moja, nyeusi na nyeupe, umwambie aieleze kwa kurasa mbili. Jogoo hatapata pa kuingilia. Itambidi aseme kwamba sikio moja limeng'oka na mahali pake pamefungwa waya; kwamba kuna mbonyeo ubavuni wenye umbo la kisigino; kwamba nuru inaanza mdomoni na kufia kwenye masizi. Nimejaribu zoezi hili na walimu wanafunzi, na niliyoyasoma yalinishawishi zaidi kuliko nadharia yoyote: watu waliokuwa wakiandika kama redio walianza kuandika kama mashahidi.

Kuna pingamizi, nami sipendi kuzikwepa. Wa kwanza atasema kwamba Dagahaley ni mahali pa rangi: shela za kina mama, mapazia ya kitanda, milango iliyopakwa buluu. Kuviondolea watu hao rangi zao ni kuwaongezea ukiwa. Pingamizi hili lina uzito. Nami sidai kwamba picha zote ziwe hivyo, nadai ziwe hivyo katika kujifunza, na kwa vyombo. Shela ipigwe kwa rangi zake zote, ikiwa mwenyewe ameridhia.

Wa pili, aliye mkali zaidi, atasema kwamba picha nyeusi na nyeupe huupamba umaskini na kuufanya uonekane wa kale, kana kwamba sufuria iliyotoboka ni johari ya makumbusho na si ishara kwamba mgao wa chakula umepunguzwa. Huyu namkubalia nusu. Weusi na weupe hudanganya kuhusu wakati. Picha iliyopigwa jana inaweza kudhaniwa ya mwaka 1960. Ndiyo maana nimesisitiza, na nitasisitiza tena, mwaka uandikwe. Sufuria iliyotoboka isiyo na tarehe ni pambo. Ikiandikwa "Dagahaley" na mwaka wake, huwa ni hati ambayo mtu wa mgao hawezi kuikana.

Wa tatu atasema hakuna kamera. Simu zipo, hata kambini, nyingine zikiwa na kioo kilichopasuka. Simu moja kwa darasa yatosha, kwa zamu. Ujuzi nao haukosekani kabisa: shirika la FilmAid limewahi kuwafunza vijana wa Dadaab filamu na habari, na tangu mwaka 2013 mradi wa BHER, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, Moi, York na British Columbia, umewasomesha walimu wakimbizi ualimu hapo hapo Dadaab. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unaimba kila siku kuhusu ubunifu na mazingira ya mwanafunzi. Basi mazingira yenyewe ni haya.

Haraka yangu ina sababu. Kambi hizi zilikusudiwa watu 90,000. Katika njaa ya mwaka 2011 zilipita watu 400,000. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kwamba itazifunga, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikazuia. Kambioos, moja ya zile mpya, ilifungwa mwaka huo huo wa 2017. Tuna takwimu za waliohama Kambioos, lakini nani anaweza kutuonyesha walipikia nini? Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Ukitekelezwa vyema utakuwa jambo jema, na mimi ni miongoni mwa wanaoutakia heri. Lakini mji ukijengwa juu ya kambi, vibanda vya mviringo vitakuwa vya kwanza kubomolewa, na waliozaliwa humo tangu 1992, ambao baadhi yao sasa wana watoto shuleni, watabaki na kadi za mgao na picha walizopigwa na wageni kama ushahidi pekee kwamba palikuwa na nyumba pale.

Kwa hiyo kila shule ya Dagahaley na itenge kabati moja katika maktaba, au sanduku la bati kama maktaba haipo. Picha zichapishwe, kwa sababu simu hufa na kumbukumbu zake. Karatasi ya kawaida inatosha. Nyuma ya kila moja, kwa penseli ili wino usichuje, mwanafunzi aandike jina la chombo kwa Kisomali na kwa Kiswahili, kimetengenezwa kwa nini, kilinunuliwa, kilisukwa au kilibebwa kutoka wapi, mahali, na mwaka. Jina la mwenye chombo liandikwe ikiwa tu mwenyewe ametaka.

Muhula ujao ukianza, sinia yaweza kutangulia, kwa kuwa ni pana na haikimbii nuru. Sufuria ifuate wiki ya pili.